Kubadilisha taa ya dari iliyokufa bila kupigwa na umeme

Nafanya umeme wa majumbani hapa Tanga, zaidi Ngamiani, kwenye zile nyumba za korido katikati na vyumba kushoto na kulia, kila chumba na mpangaji wake. Kazi ninayoitiwa kuliko zote ni taa ya dari. Holda imepasuka, bakuli la kioo limeng'oka, tyubu inapepesa mpaka macho yanauma. Mtu mzima mwenye subira anaweza kuibadilisha mwenyewe, ili mradi anafunga taa mpya palepale ilipokuwa ya zamani. Kuvuta laini mpya, kuhamisha swichi au kutia taa bafuni ambako haikuwapo, hiyo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA; kwa walio Kenya, mwenye leseni ya EPRA. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla hujagusa chochote. Nyaya ni zake, na mara nyingine pesa ya taa pia itatoka kwake.

Sehemu kubwa ya haya nitakayoeleza hufanyika ukiwa umesimama chini. Huko juu ya ngazi kazi ni fupi.

Kwanza hakikisha ni taa kweli

Usinunue taa nzima kwa sababu ya balbu. Chukua balbu inayowaka chumba kingine, ijaribu hapo. Kwenye tyubu anza na stata, kile kikopo kidogo cha kuiwashia, ni ya bei ndogo na ndiyo inayokufa mapema. Kwenye holda za pini, hapa kwetu karibu na bahari, vile vichwa viwili vya shaba vilivyo ndani hushika kutu ya kijani na springi zake zikagoma. Balbu inaingia vizuri lakini haigusani na kitu. Usivichokonoe na bisibisi kujaribu. Zima kwanza, utaona hapo chini jinsi ya kuzima.

Zipo dalili ambazo hazihitaji majaribio. Holda imegeuka rangi ya kahawia na inamong'onyoka ukiigusa, au kuna harufu ya plastiki iliyoungua kila taa ikiwaka dakika kumi: hiyo imekwisha. Sababu huwa ni mojawapo ya mbili. Ama skrubu ya tamino, yaani kile kibano cha kufungia waya, ililegea na waya ukawa unacheza, ama mtu alitia balbu ya wati 100 ndani ya taa iliyoandikwa mwisho wati 60. Na ukiona dari ina duara la rangi ya chai kuzunguka taa, tatizo lako liko juu ya mabati. Ziba bati, acha dari ikauke kabisa, ndipo urudi kwenye taa. Taa mpya chini ya bati linalovuja haitamaliza masika.

Swichi ya ukutani haitoshi

Bi mkubwa mmoja aliniuliza nikiwa naelekea kwenye meni swichi yake, ile swichi kuu ya nyumba nzima, "Mwanangu, si nimeshazima hapo ukutani? Mbona wazima nyumba nzima, na friji yangu je?"

Swali lake ni la haki, na ndilo linaloulizwa kila nyumba. Jibu ni refu kidogo.

Umeme wa TANESCO unaingia kwako ukiwa volti 230, kwa nyaya mbili: laivu, ambao ndio wa moto, na nyutro, unaorudisha. Swichi ya ukutani hukata waya mmoja tu kati ya hizo. Aliyefunga nyumba akifuata utaratibu, unaokatwa ni laivu. Lakini nimefungua swichi nyingi nikakuta aliyekatwa ni nyutro. Taa inazimika vilevile, mwenye nyumba hajui lolote, kumbe ile holda iliyozimika bado ina volti 230 mchana na usiku, inasubiri kidole. Kwenye nyumba ya namna hiyo balbu ya LED mara nyingi humulika kidogo usiku ingawa swichi imezimwa. Dalili hiyo peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu nyaya ndefu zilizolala pamoja ndani ya paipu moja zinaweza kuleta hali hiyohiyo hata swichi ikiwa sawa. Lakini ukiiona, kaa macho.

La pili ni kwamba hata swichi ikiwa imefungwa vizuri, ndani ya silingi rozi, yaani lile kasha la duara linaloshikilia waya wa taa, mara nyingi hupita laivu ya kudumu. Inakuja kutoka kwenye fyuzi, inashuka kwenye swichi, na inaendelea kwenda taa ya chumba cha pili. Hiyo haikatwi na swichi yoyote ya chumbani. Nitairudia, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi wakati wa kufunga.

Kwa hiyo tunazima meni swichi. Kuna watakaosema breka ya taa inatosha, na kwa nyumba iliyofungwa sawasawa wana hoja. Ila breka ya kawaida hukata waya mmoja tu, na kama laivu na nyutro zilibadilishana mahali fulani kabla ya kufika hapo, utakuwa umekata usiokuwa na madhara. Meni swichi hukata zote mbili kwa pamoja. Zima meni, kisha shusha na breka ya taa pia. Friji mlango ukifungwa inakaa saa nzima bila kuharibika kitu, na hilo ndilo nililomjibu Bi mkubwa.

Sasa yapo mambo matatu ya kwetu ambayo maelezo yanayokuja kwenye boksi la taa hayataji.

Moja, usifanye kazi hii kwa sababu umeme umekatika. Nasikia sana, "Si hakuna umeme, ngoja nimalize taa." Umeme uliokatika unarudi bila hodi, na unarudi wewe ukiwa umeshika shaba kwa vidole. Ni vilevile yuniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiisha: mtu yuko juu ya ngazi, kijana karudi kutoka dukani na tokeni, anabonyeza zile tarakimu 20 kwa furaha. Umeme ukiwa umekatika au yuniti zimeisha, bado unakwenda kuzima meni swichi kama kawaida.

Mbili, nyumba ya wapangaji. Mita moja, meni swichi moja pale koridoni, na mpangaji wa chumba cha nyuma feni yake imesimama. Ataamka, ataona swichi iko chini, ataipandisha bila kumuuliza mtu, na wala hutaweza kumlaumu. Piga hodi kila chumba kabla ya kuzima. Bandika karatasi kwenye swichi yenyewe, andika MTU YUKO JUU, USIWASHE. Ukiwa na zile fyuzi za zamani za udongo, chomoa kishikio cha fyuzi ya taa, kitie mfukoni, panda nacho. Ukiwa na kasha la breka lenye tundu la kufuli, weka kufuli na ufunguo uwe kwako. Mimi huongeza mtu mzima wa kukaa hapo karibu na swichi hata kama kuna kufuli.

Tatu, umeme wa pembeni. Siku hizi nyumba ina inveta na betri, au sola, au jenereta uani inayojiwasha yenyewe. Ukizima meni swichi, inveta inaona umeme umekatika, inaanza kazi yake ya kuulisha mstari wa taa. Umezima kwa mkono wako na taa ingali hai. Zima inveta, zima jenereta na uiondoe kwenye kujiwasha, ndipo uendelee.

Pima, na kipimo chenyewe kipimwe

Ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani, testa, ipo kila nyumba na wengi wanaiamini kupita kiasi. Kitaa chake huwaka kwa mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Sasa fikiria mtu aliyevaa viatu vya mpira, juu ya ngazi ya mbao kavu, mchana kweupe. Mkondo haupati njia nzuri, kitaa kinawaka hafifu au hakiwaki kabisa, na kama kinawaka jua linakificha. Testa inasema hakuna umeme katika hali ileile uliyojiweka kwa ajili ya usalama. Ikiwaka, iamini. Isipowaka, haijakwambia kitu.

Tumia multimita. Zile za bei nafuu zinatosha kwa kazi hii, kwa masharti. Waya mweusi uingie tundu la COM, mwekundu tundu la volti. Usiutie kwenye tundu lililoandikwa 10A, ukipima umeme ukiwa hapo utakuwa umepiga shoti kwa mikono yako. Zungusha kitufe hadi volti za AC, kiwango cha 750 au 600, si 200. Kabla ya kuzima meni, pima kwenye soketi inayofanya kazi, kwa kusukuma ncha kwenye matundu yake huku vidole viko nyuma ya kinga. Utaona namba karibu na 230. Tanga jioni watu wakipika inaweza kuwa chini ya hapo. Sasa umejua kipimo ni kizima. Zima, panda, fungua kifuniko cha taa bila kugusa shaba, pima.

Usipime jozi moja tu. Pima laivu na nyutro, laivu na ethi (waya wa ardhi), nyutro na ethi, na kama kuna nyaya zaidi ya tatu pima kila mmoja na mwenzake. Ethi ya nyumba za zamani wakati mwingine imekatika njiani, kwa hiyo sifuri dhidi ya ethi pekee isikutulize. Zote zikiwa sifuri, au chini ya volti moja, shuka uhakikishe kwamba waya wa kipimo haukukatika ulipokuwa unapanda: jaribu kwenye soketi ya nyumba ya jirani yenye umeme, au geuza kitufe hadi DC uguse betri ya redio, ikupe volti 1.5. Ukirudi juu usisahau kurudisha kitufe kwenye AC.

Kipimo kikionyesha makumi ya volti mahali palipotakiwa kuwa sifuri, shuka. Inawezekana ni mzimu, yaani volti ya uongo, wa nyaya zilizolala pamoja, inawezekana kuna umeme wa jirani unaoingia kupitia nyutro. Hayo si ya kukisia ukiwa juu ya ngazi.

Ngazi, na mtu wa chini

Kiti juu ya meza si ngazi. Nyumba za zamani za hapa dari ziko juu, na watu wanaoumia kwenye kazi hii wengine hawakuunguzwa na umeme, walishtuka kidogo tu wakaanguka kwenye sakafu ya saruji. Tafuta ngazi ya mbao au ya faiba inayosimama yenyewe. Ya alumini iache nje. Fanya kazi asubuhi, maana umezima nyumba nzima na mwanga wako ni wa dirishani. Vaa miwani ya aina yoyote, kwa sababu juu ya dari kuna vumbi la miaka na mavi ya popo, na vyote vinasubiri utoboe.

Mtu wa kushika ngazi mwelekeze kabla hujapanda: akiona umekakamaa, asikushike. Akimbilie meni swichi. Ikishindikana, akusukume na kitu kikavu kisichopitisha umeme, ufagio wa mti au kiti cha plastiki. Aliyezimia na hapumui aanze kukandamizwa kifua palepale huku mwingine anatafuta gari. Na aliyepigwa akasimama akasema "mimi mzima" apelekwe hospitali hata hivyo. Moyo unaweza kuvurugika baadaye.

Kufungua ya zamani

Toa balbu, iliyopoa. Bakuli la kioo hushikwa na skrubu tatu pembeni; lishike kwa kiganja huku unalegeza, usizitoe zote tatu, mbili zikilegea linateleza lenyewe. Kama limevunjika vaa glavu nene.

Kabla ya kulegeza tamino hata moja, piga picha kwa simu. Piga mbili, ya mbali na ya karibu, na uzitazame uone kama rangi zinaonekana. Kisha kila kundi la nyaya lililo kwenye tamino moja lifunge tepu na uliandike alama. Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Rangi hazisemi kitu kimoja kwenye kila nyumba. Nyumba za zamani zina utaratibu wa Kiingereza wa kale: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Za siku hizi zina kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, kijani yenye mstari wa njano kwa ethi. Nyumba iliyoongezwa vyumba ina vyote viwili, na aliyeishiwa na waya mwekundu siku ya kazi alivuta wowote uliokuwa kwenye begi. Unachofuata ni mahali waya ulipokuwa umefungwa, si rangi yake.

Ukikuta nyaya mbili tu, au tatu pamoja na ethi, una bahati. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi zilizovutwa waya mmojammoja ndani ya paipu: laivu iliyotoka kwenye swichi, na nyutro. Pengine nyutro ni mbili ndani ya tamino moja kwa sababu inaendelea chumba kingine. Mbili hizo zibaki pamoja. Ukiacha mmoja ukining'inia, chumba cha pili kitalala giza.

Ukifungua silingi rozi ukakuta msitu, tulia. Utakuta makundi matatu mbali na ethi. Kundi la katikati lina nyekundu mbili au tatu: hiyo ni ile laivu ya kudumu niliyoitaja, inayoingia, inayoendelea mbele, na inayoshuka kwenye swichi. Haiendi kwenye balbu hata kidogo. Kundi la pili ni nyeusi mbili au moja, pamoja na waya mmoja wa taa: nyutro. Kundi la tatu lina nyeusi moja pekee pamoja na waya wa pili wa taa. Hiyo nyeusi si nyutro. Ni laivu inayorudi kutoka kwenye swichi, imevaa nyeusi kwa sababu kebo ile ilikuja na rangi mbili tu. Fundi mwangalifu huivisha tepu nyekundu. Wengi hawakuivisha.

Mtu asiyejua hilo anakusanya nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, kwa usafi kabisa. Matokeo yake: taa inawaka swichi ikiwa imezimwa, na akiwasha swichi, laivu na nyutro zinakutana ana kwa ana, mlio, breka chini. Nimeitwa kwa kosa hilohilo mara nyingi kiasi kwamba mtu akianza kuniambia kwenye simu "fundi, taa inawaka yenyewe", namuuliza nani ameipanda dari wiki hii.

Ile nyeusi ya peke yake ivishe tepu nyekundu sasa hivi, kabla hujaichomoa.

Tazama pia hali ya nyaya zenyewe. Joto la balbu za zamani hukausha mpira wa waya ukapasukapasuka ukiukunja. Ukipasuka sentimita chache mwishoni na una waya wa kutosha, kata sehemu mbovu. Ukiendelea kupasuka kuelekea ndani ya paipu, au ukaona meno ya panya, funga kila ncha na konekta, rudisha kifuniko, ita fundi. Hapo kinachotakiwa ni kuvuta waya upya.

Taa ya kununua

Angalia aina ya kichwa cha balbu, pini au kuzungusha; ya kuzungusha sasa ndiyo inayopatikana kila duka. Kama taa ni ya chuma, lazima dari iwe na waya wa ethi. Ukifungua ukakuta hakuna, usinunue ya chuma. Tafuta ya plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo imetengenezwa isihitaji ethi. Ya bafuni au kibarazani kwenye mvua iwe imeandikwa IP44 au zaidi. Taa nzito za vioo vya kuning'inia, na mapangaboi, yanahitaji ndoano iliyoshikwa na mbao ya paa lenyewe, na hiyo si kazi ya makala hii.

Nunua na konekta za plastiki zenye skrubu, nzuri, ambazo shaba yake haipindi ukikaza. Kama unatoka kwenye silingi rozi kwenda kwenye taa ya bakuli, utaona taa mpya ina nafasi tatu tu: laivu, nyutro, ethi. Lile kundi la laivu ya kudumu halina mahali. Linahitaji konekta yake peke yake, iliyofichwa ndani ya boksi la dari au ndani ya taa penye nafasi. Kusokota waya na kuuzungushia tepu, mtindo ninaoukuta kila siku, ni jinsi moto unavyoanza juu ya dari ambako hakuna anayeuona; joto la mabati ya Tanga linaifanya gundi ya tepu itoke na tepu ifunguke yenyewe.

Kufunga

Dari ya jipsamu haibebi skrubu peke yake. Gonga kwa kidole mpaka mlio ubadilike, au fuata mstari wa misumari. Hapo kuna mbao. Kama matundu ya taa mpya hayaangukii kwenye mbao, panda juu ya dari uongeze kipande cha mbao, au tumia zile fisha za jipsamu zinazofunguka kama mbawa kwa taa nyepesi tu. Dari ya zege hutobolewa kwa drili na fisha ya kawaida, ukiwa na hakika paipu ya umeme haipiti hapo: kwa kawaida hufuata njia kati ya taa na swichi. Dari za zamani za shiti ngumu za kijivu zinaweza kuwa na asbesto. Hizo usizitoboe wala kuzikwangua, tumia matundu yaliyopo.

Shikilia kitako cha taa kwanza, nyaya zipite tundu lake bila kubanwa na ukingo wa chuma. Chubua waya milimita 8 hadi 10. Shaba yote iingie ndani ya tamino, pasibaki inayoonekana nje. Waya wa nyuzi nyingi usokote kabla, waya mwembamba wa shaba moja ukunje mara mbili. Kaza, kisha uvute kwa nguvu ya wastani. Ukitoka, heri utoke sasa.

Ethi nenda nayo ya kwanza. Kisha nyutro. Kisha ile laivu ya swichi, iliyovaa tepu nyekundu. Kwenye holda ya kuzungusha, laivu inakwenda kwenye ncha ya katikati kabisa, nyutro kwenye gamba la kuzungushia, kwa sababu gamba ndilo vidole vinaloligusa wakati wa kutia balbu. Kwenye holda ya kuning'inia, waya upitishwe kwenye vile vishikio vya pembeni ili uzito ubebwe navyo, usibebwe na skrubu za tamino.

Tia balbu ya LED. Wati 9 zinatosha chumba cha kawaida, na haichomi waya wako kama zile za zamani.

Kuwasha

Swichi ya ukutani iwe imezimwa. Toa karatasi, waambie watu, rudisha fyuzi, pandisha meni swichi, kisha breka ya taa. Ikibaki juu, nenda ukawashe taa, lakini usisimame chini ya bakuli, kioo kisipokaa vizuri kitashuka siku hiyo hiyo.

Breka ikiruka mara tu unapowasha swichi, rudi kwenye yale makundi matatu: nyeusi ya swichi imekutana na nyutro. Taa ikiwaka bila swichi, waya wa taa umefungwa kwenye laivu ya kudumu. Ile breka kubwa yenye kitufe cha T, inayojikata umeme ukivuja, ikiruka, nyutro inagusa ethi au kuna unyevu. Chumba cha jirani kikiwa giza, kuna waya wa kuendelea mbele uliosahaulika nje ya konekta. Kila mara, kabla ya kufungua tena, zima na upime upya kama vile hujawahi kupima.

Iache iwake saa moja. Nusa. Kisha zima, gusa kitako. Uvuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe mkono si sawa.

Tyubu ya zamani uliyoitoa ina zebaki kidogo ndani yake. Usiwape watoto waichezee upanga, na usiivunje ili iingie kwenye ndoo ya taka. Ikivunjika chumbani, fungua madirisha, toka nje robo saa, kisha zoa kwa karatasi ngumu na uokote chenga kwa tepu, bila ufagio. Na hiyo breka uliyoshusha leo, chukua kalamu uandike pembeni yake ni ya vyumba gani.